Shesh-besh ya Uongo

Kaeni chini nyote, na wewe Wagdi zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kugawana na rafiki zako. Ninakufa kwa moyo, siyo kwa akili. Daktari alisema mbele yenu kwamba kumbukumbu yangu imeanza kupwaya kidogo tu, basi nicheze, nisome, nibishane, nijifunze kitu kigumu, ili iliyobaki isinikimbie upesi. Nanyi mkasikia nini? Mkaniletea kitabu cha kupaka rangi bata. Mimi niliyefundisha jiometri wasichana wa Aleksandria mpaka nikastaafu, nikapaka bata kijani, na Nagwan, binti yangu wa kumzaa, akapiga makofi: "Mashallah mama, hata hujatoka nje ya mstari!"

Nikaomba tawla, mchezo wetu wa ubao, kete na dadu. Mkacheza nami, lakini mkishindwa makusudi, hata nikaona haya kushinda. Ndipo nikawapima. Nilirusha dadu, zikaonyesha sita na nne, nami nikaita "shesh-besh", ambayo kila aliyekulia kwenye roshani za mji huu anajua ni sita na tano, nikasogeza kete zangu. Wagdi akatazama dadu, akanitazama mimi, akasema, "Vizuri sana, mama." Nagwan akaokota dadu kwa zamu yake. Mlininyamazia kama maiti anayesubiri kuoshwa.

Aliyesema ni Rawya, mke wa Wagdi, ambaye sikumpenda tangu siku ya posa na hata leo simpendi. Alikuwa anapita na sahani ya mbegu za tikiti.

"Shesh-besh ya wapi, bi hagga? Hiyo shesh-gahar, sita na nne. Rudisha kete, mwizi we."

Nikamwambia hana adabu.

"Adabu nitakuwekea kaburini. Hapa tunacheza."

Akanifunga mchezo ule na uliofuata, na kesho yake niliamka nikitafuta nilipokosea, kichwa kinaniuma kwa raha.

Sasa sikieni. Mama yenu mdogo Insaf huyu hapa, na msimnong'onee, anasikia. Ameanza kusahau majina kama nilivyoanza mimi, na nikifa anabaki nanyi nyumbani humu. Mafungu yenu ya urithi sheria imekwisha kuyagawa, siyagusi. Theluthi niliyoachiwa kuusia ni ya Rawya, kwa kazi moja: acheze na Insaf kila siku, kwa haki, amfunge akiweza. Usininunie, Wagdi; ulipewa nafasi ya kuniambia ukweli ukanipa sifa. Na wewe Rawya usilie, hakukupendezi.

Nipeni maji... basi, yatosha. Mnizike mapema. Msiniletee msomaji wa Kurani mwenye vipaza sauti, majirani wana watoto. Insaf asifichwe magazeti eti habari mbaya. Akitaka kujifunza Kigiriki, atafutiwe mwalimu, hata kama... hata kama atasahau. Akikosea aambiwe. Akifoka, mwacheni afoke, ndiyo... ndiyo uhai huo.

Sogeeni. Nimewasamehe, ingawa hamjaomba. Mungu awazeeshe salama, wanangu... na mkizeeka... awape mtu wa kuwabishia.