Fulana ya Kijivu ya Kiwanda cha Magodoro

Hebu fumba macho kidogo, uone benchi refu nje ya lango la kiwanda cha magodoro, saa ya mapumziko ya mchana. Vumbi jeupe la sponji limetua kila mahali, na kila kitu kinaonekana laini, hata ukuta. Katikati ya benchi ameketi Mama Duka. Mapajani ana nguo tatu zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni: shati la kola, sweta lenye kofia, na fulana ya kijivu.

Yeye ndiye anayeendesha kijiduka cha ndani, ambako wafanyakazi hujinunulia nguo zenye nembo ya kiwanda. Mashati aliyoyachagua mwaka jana bado yamelala rafuni. Meneja amemwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, kwamba za safari hii nazo zikidoda, duka litageuzwa ghala, naye atarudi kwenye mashine ya kukata sponji, kule kulikompa kikohozi. Jibu la nguo ipi iagizwe linatakiwa leo jioni.

Breki, dereva wa lori la kiwanda, alikuwa wa kwanza kushauri.

— Chukua shati, dada. Nembo iwe kubwa mgongoni, nikiendesha watu wasome.

— Watasomaje, na mgongo umeuegemeza kwenye kiti? aliuliza Pindo, fundi cherehani wa jirani.

Breki alimeza kahawa na kuhamia wazo jingine. Kiwanda cha magodoro kiuze nguo za kulalia, watu waje nazo hadi kazini. Pindo akaona hilo ni dogo. Yeye angeshona sponji mabegani, mtu asinzie hata akiwa amesimama kwenye foleni. Muuza kahawa, birika mkononi, akalalamika kwamba hapo ndipo angefilisika, maana mji mzima ungelala: malori yamejiegesha taratibu kando ya njia, mbwa wamejikunja chini yake, meneja amelalia meza, simu ikiita na kuita.

Wote wakautazama mji huo akilini.

Mama mmoja mpita njia alikuwa ameketi mwisho wa benchi kupumzisha miguu, kikapu kando yake. Alizitazama zile nguo.

— Samahanini, jamani. Nani amezivaa?

Breki alichungulia kikombe chake. Pindo akajikuna kidevu. Mama Duka alihisi uso wake ukipata moto. Alipotoka kwenye mashine ya sponji, kabla ya kupewa duka, kazi yake ilikuwa kuyajaribu magodoro: hakuna lililotoka langoni kabla hajalilalia, macho amefumba. Wageni wa kazi aliwakataza kulisifia godoro wakiwa wamesimama. Na mashati ya mwaka jana aliyachagua kwenye picha.

Akaichana mifuko. Shati alilivaa juu ya gauni. Kola ikamkaba, uzi wa nembo ukamkwaruza kifuani. Sweta lilimchemsha kama mvuke. Akavaa ile fulana, akaegemea ukuta, akafumba macho ili aisikilize. Sauti za wenzake zikaenda mbali, zikawa kama redio ya nyumba ya pili.

Alipozinduka, birika lilikuwa tupu na yule mama ameshaondoka. Pindo alikuwa amemshikia kikombe chake cha kahawa isimwagike.

— Tumekuacha ulale, dada. Ulikuwa unakoroma, alisema Pindo.

— Nembo ya fulana imekaa wapi? aliuliza Breki.

Mama Duka alifikiri kidogo. Hakukumbuka. Ilibidi ajitazame.

Akainuka, fulana ikiwa bado mwilini, akashika njia ya ofisini kwa meneja. Langoni mlinzi alimsimamisha, akaugusa mkono wa fulana kwa vidole viwili, akauliza kama dukani ipo ya mwili wake.

Nawe, siku ukitumwa kumchagulia mtu nguo, nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu: shingo yake, ndiyo itakayokabwa na kola.