Fundi wa Maji ya Radi

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Koili, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mwashi na mama mshonaji.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, akaomba kusomea umeme katika chuo cha ufundi. Akaambiwa nafasi za wasichana ziko upishi. Alikaa mlangoni siku tatu. Siku ya tatu mwalimu wa umeme alimwambia, "Binti, unaziba njia. Ingia ndani ukae." Alihitimu mwaka 1978, wa pili darasani.

Februari 1979 aliajiriwa katika karakana ya kusuka mota, yaani kuzizungushia upya koili za waya wa shaba, ndizo zilizompa jina lake, na huko ndiko alikompata mume. Dereva mmoja wa lori alileta feni mbovu, ikatengenezwa. Akairudisha tena, na tena. Mara ya nne marehemu alimwambia, "Feni ni nzima. Mgonjwa ni wewe." Walioana tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwa mwosha mboga katika kiwanda cha kufungasha. Klorini, dawa ya kuulia vijidudu, ilimla mikono hata kifungo cha blauzi kikamshinda. Marehemu aliishika mikono ile, akaigeuzageuza. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mhadhiri mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akitafiti maji ya plazma. Katika kazi hiyo, umeme mkali hurushwa hewani juu ya maji, mfano wa radi ndogo ya zambarau, nayo maji hupata ukali wa kuua bakteria. Yakikaa, ukali hupungua wenyewe. Hakuna mapipa ya dawa ya kubeba. Ni maji, hewa na umeme tu. Tatizo ni kwamba mashine ya mhadhiri iliungua kila wiki. Marehemu aliisuka upya transfoma yake mara kumi na moja, na kufikia mwaka 2013 ilifanya kazi zamu nzima bila kuzimika.

Tarehe 22 Mei 2014 kiwanda kile cha mboga kilikubali kuijaribu mbele ya wakaguzi. Marehemu alipofika alikuta tangi limejazwa maji ya mashine tangu jana yake.

"Maji haya yamelala," alisema. "Hayafai."

"Mama, wakaguzi wako getini!" mwenye kiwanda alifoka. "Nani atajua?"

"Bakteria watajua."

Alichota chupa moja ya kupimwa, kisha akafungua koki, maji yote yakamwagika sakafuni. Watu walisubiri kwa muda wa saa tatu yatengenezwe mapya. Jioni ile mwenye kiwanda alimwambia asikanyage tena pale. Majibu ya maabara yalitoka Jumatatu iliyofuata: maji yaliyolala yaliacha bakteria wengi hai, yale mapya yaliwamaliza karibu wote. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe karakanani, kofia mkononi.

"Mama, nimekukosea."

"Hukunikosea mimi, ulitaka kuwakosea walaji. Vuta kiti tuongee kazi."

Mwaka ule klorini iliondolewa katika sehemu ya kuoshea mboga, na marehemu akawafundisha wanawake sita kuendesha na kutengeneza mashine hiyo. Wawili kati yao leo ni mafundi wakuu.

Novemba 2023 figo zake zilianza kushindwa. Hata alipokuwa akisafishwa damu alimwambia muuguzi, "Mwanangu, pampu hii inalia, beringi imechoka." Fundi wa hospitali alipoifungua, kweli ilikuwa imechoka. Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tano na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na mashine nne za maji ya radi alizozisuka kwa mkono wake. Asubuhi ya leo, kabla ya kuja hapa, wanafunzi wake wameziwasha zote, na zote zimewaka.

Amani iwe nawe, dada. Pumzika.