Ushauri kwa Wenye Kambi

Kijiweni kwa Mwidani muuza kahawa, Likoni, hakuna serikali isiyopewa ushauri. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya watu wa ng'ambo, wenye ile kambi ya jeshi iliyobaki pale juu tangu enzi za mkoloni. Redio ilikuwa imesema bunge lao linapima jinsi ya kupunguza gharama zake. Nguma dobi alikuwa na furushi la magwanda ya askari miguuni, limepigwa pasi likanyooka, akingoja gari la kambi lije kulichukua. Babake aliwafulia askari hao, naye akarithi. Kazi nyingine hana. Kahawa ilikuwa imechelewa, na Nguma alipokea kikombe chake roho juu kwa habari hiyo ya redio, ila usoni alijikaza.

— Kambi haiendi popote, akasema Mansur muuza samaki, aitwaye Kamanda ingawa hajawahi kushika hata manati. Watapunguza nyama tu, askari wale samaki wangu.

— Wapunguze magari, akasema Changawa fundi viatu, ambaye wao humwita Profesa. Haraka haraka haina baraka. Askari akitembea, buti zaisha, zaja kwangu. Hiyo ndiyo baraka yenyewe.

— Na magwanda je? akauliza Nguma.

— Hayo hayaguswi! akajibu Changawa. Askari mchafu ni raia tu, bwana.

Nguma akacheka, moyo ukamtulia.

— Tena hawawezi kuondoka, akasema Mwidani akimimina. Wazee walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa kamba yao ni sisi.

— Wallahi umenena! Mansur akapiga paja. Na ile manowari yao inayokuja bandarini waitie pale feri, ivushe malori. Itajilipia mafuta yenyewe.

— Na mizinga wakodishe harusini, akadakia Changawa. Bwana harusi akiingia, pu!

— Basi hata wajukuu zangu watafua hapa hapa, akasema Nguma, na safari hii aliamini kabisa.

Akaja Jumwa, mpangaji mpya aliyehama juzi kutoka Chaani, na chupa yake ya kahawa mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Nilipita mapema nikakuta jiko baridi. Kwema?

— Usingizi tu, akasema Mwidani. Nikitoka swala ya alfajiri hujinyoosha kidogo. Tarumbeta ya kambi ndiyo huniamsha nitie makaa.

— Kwani leo haikulia?

Mwidani akabaki na dele la kahawa mkononi. Mansur akamtazama Changawa, Changawa akamtazama Mansur. Kila mmoja alikuwa amechelewa kuamka, na kila mmoja alidhani ni uzee wake.

Nguma aliitazama njia ya kambini; gari halikuonekana. Aliinama akalipakata furushi. Lilikuwa bado na joto la pasi, na hakujua tena ni nani atakayekuja kulichukua.