Vyoo Arobaini vya Odeta

Katika basi la kutoka Magu, Odeta, muuguzi aliyekuwa akienda Posta ya Mwanza kwa mara ya tisa kuulizia jibu la chuo, alijisifu kidogo kwa mzee aliyeketi naye. "Nimeomba shahada ya pili ya afya ya jamii, babu. Kwenye fomu nimeandika vyoo arobaini nilivyohimiza vijengwe Mwabuyela."

"Kumbe ni wewe! Mimi wa hukohuko. Vyoo vizuri mno, havivuji hata tone."

Odeta akaumuka kama andazi.

"Tangu wanunuzi binafsi waje, tunaweka humo pamba yetu, tukingoja bei ipande."

"Na haja mnakwenda wapi?"

"Vichakani, kama zamani. Ila chuo usikiambie mpaka kijibu."

Basi likasimama Posta. Kwa mara ya kwanza, Odeta hakuwa na haraka ya kushuka.