Mzee Kyalo na Mchunga wa Bi Mwanatatu

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Phineas Kyalo atavua aproni yake ya buluu na kuondoka ghalani akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia ghala letu la chai hapa Changamwe kwa miaka thelathini na minne, miezi saba na siku ishirini na saba. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ilimwandikia barua ya "takriban miaka thelathini na mitano", naye akairudisha ikasahihishwe, kwani mtu wa mizani hakadirii.

Alizaliwa Mwala, Machakos, akateremka Mombasa akiwa na miaka ishirini na mitano na koti la sufu ambalo hajalivaa tena hadi leo. Alianza akiwa mpakuaji wa magunia, akashona magunia, akawa karani wa mizani, na tangu mwaka 2009 amekuwa msimamizi wa zamu. Katika zamu zake hakuna lori lililotoka kwenda bandarini Kipevu na gunia pungufu. Madereva walimwogopa kwa hilo. Akina mama wa jikoni walimwogopa zaidi, maana humtazama mtu mara moja tu, akamtajia uzito wake kwa kilo, bila kuombwa na bila kukosea.

Uzito wake mwenyewe hakuwahi kuutaja. Kisha mwaka 2017 daktari alimwambia kwamba sukari imepanda na kumwamuru afanye mazoezi. Mzee Kyalo hajui kuugua peke yake. Wiki mbili baadaye watu sita walikuwa wakikimbia kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kutoka lango la ghala hadi Port Reitz na kurudi, na kati yao ni yeye tu aliyekuwa na sukari.

Kukimbia bure, hata hivyo, kulimkera. Alikuwa amewaona madereva wa malori wakinung'unika kila waliporudi safari bila mzigo, naye akaona miguu yetu haina tofauti na malori hayo. Ndipo akatoa amri: tukikimbia hadi mahali, tufanye kazi hapo mahali, ndipo turudi. Tuokote taka, tufyeke, tupande miti, almuradi mtaa ufaidike na jasho letu. Wazo lilikuwa zuri, na tunalisifu kwa moyo wote. Siku ya kwanza ya kulitekeleza ndiyo iliyotuponza.

Kwa miaka yote hii wageni wa ghala wameambiwa kwamba Mzee Kyalo alijitolea kuhudumia bustani ya akina mama wa Port Reitz kwa sababu ya upendo wake kwa mazingira. Kuna hata picha ukutani. Kwa kuwa anaondoka na hawezi tena kutubadilishia zamu, tunaona ni wakati wa kusema kweli. Hakujitolea. Aliadhibiwa.

Ilikuwa Januari 2018. Kikosi kilifika kwenye kiwanja cha umma nyuma ya nyumba za mtaa, kikakuta kimejaa majani yasiyo na mstari wala mpango. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa, na Mzee Kyalo hakuona haja ya kuuliza. Kwa dakika arobaini waling'oa kila kilichokuwa kijani, wakakirundika, na yeye akatoa mizani yake ya kuning'iniza akapima: kilo hamsini na nane. Walikuwa wakipiga picha ya kikosi mbele ya rundo hilo, Fidel wa foklifti akiwa ameinua jani moja juu kama kombe, Bi Mwanatatu, kiongozi wa akina mama wa bustani, alipotokea na kikapu.

Ndugu zetu wa bara wasiojua waelezwe: yale hayakuwa magugu. Ulikuwa mchunga, mboga yetu chungu ya Pwani, unaopikwa kwa nazi ukamfanya mtu asahau njia ya kwao. Kikundi cha Bi Mwanatatu kiliupanda kwa kumwaga mbegu tu, kama mama zao walivyofanya. Kati ya wale sita hakukuwa na Mpwani hata mmoja. Mwandishi wa maneno haya, Nadira wa ofisi ya kumbukumbu, mzaliwa wa Likoni ambaye angeutambua mchunga kwa harufu, Jumamosi hiyo alikuwa amelala, na hajaacha kujilaumu.

Bi Mwanatatu alilitazama rundo, akawatazama wao. "Nyinyi ni watu au ni mbuzi?" akauliza. "Na wallahi, hata mbuzi huacha mizizi."

Kicheko kiliisha aliposema lililobaki. Kiwanja kile akina mama walikuwa wamepewa na kaunti wakitumie kwa sharti moja, kwamba kikutwe kinatunzwa. Afisa wa kukikagua angekuja baada ya wiki sita, na akikikuta kitupu, kingefanywa maegesho ya malori. Wanawake kumi na wanane walikuwa wakitoa hapo mboga ya nyumbani na ya kuuza. Mzee Kyalo alisimama pale na mizani yake mkononi, akauliza afanye nini. Bi Mwanatatu akamjibu kwamba yeye na watu wake watakuja kila Jumamosi, watalima na kutia maji, mpaka atakapowaambia basi.

Wakaenda. Wakati huo kiangazi kilikuwa kimekaza na mifereji ya mtaa imekauka, kwa hivyo kila mkimbiaji alikimbia na kidumu cha maji cha lita tano. Watu wa Changamwe walidhani pana moto. Cheryl wa mapokezi, aliyejiunga na mbio ili apunguze unene, alipata misuli ya mikono ambayo mpaka leo inawatia adabu wageni wakorofi.

Mchunga haujali wakimbiaji. Ilipofika siku ya ukaguzi, ulikuwa umechipua robo ya kiwanja tu. Alfajiri hiyo akina mama walileta makopo yao yote ya mirihani, asumini na mishubiri kutoka vibarazani, na kikosi kikayafukia ardhini, makopo na vyote. Kiwanja kikapendeza kama bibi harusi. Afisa akaja, akatembea, akaridhika. Kisha akainama kuunusa mrihani mmoja, akauvuta kidogo, nao ukatoka na kopo lake la mafuta ya kupikia.

Sote tuliangalia angani. Mzee Kyalo, ambaye hajawahi kuiongezea mizani hata gramu moja, hakuweza. Alisimama mbele ya afisa akaungama yote: mchunga, kilo hamsini na nane, makopo thelathini na manne. Akasema kosa ni lake, akina mama wasinyang'anywe ardhi kwa ujinga wake. Afisa, kopo mkononi, akasema kwamba hajawahi kuona watu wakipigania kiwanja kwa makopo. Akaandika kwamba kinatunzwa, na ilikuwa kweli.

Kiwanja kipo. Kina mchunga, mnavu, mirihani iliyotolewa makopo, na kivuli cha miarobaini tuliyoipanda wenyewe. Kikosi sasa ni watu thelathini na mmoja, na tumekwenda kufanya kazi mpaka Likoni na Mkomani. Lakini kila Jumamosi tulianzia kwa Bi Mwanatatu, kwa sababu hakuwahi kusema basi.

Jumamosi iliyopita Mzee Kyalo alikwenda kumuaga. Alimpa shikamoo, akamweleza kwamba anarudi Mwala, na akaomba afunguliwe adhabu yake ili aondoke akiwa huru. Bi Mwanatatu aliendelea kuchuma mboga.

"Nalikusamehe tangu Jumamosi ya tatu, mwanangu," akasema. "Nalinyamaa tu. Ningekwambia basi, ungekuja tena?"

Mzee Kyalo alivua kofia. Akakiri kwamba hata yeye, kwa miaka saba na ushei, aliogopa kumkumbusha, asije akaambiwa basi kweli. Tusidanganyane, tulilia, na Fidel alilia kwa sauti. Bi Mwanatatu akamfuta machozi Mzee Kyalo kwa ncha ya leso, akamwambia, "Basi, mwanangu. Nenda." Kisha akatugeukia sisi thelathini tuliobaki, akatukumbusha kwamba sisi wengine hajatuambia basi.

Mzee Kyalo, asante kwa mizani yako na kwa miguu yetu. Mungu akupe mvua ya wakati, sukari iliyotulia, na majirani wapole ambao hutawatajia kilo zao. Nenda Mwala ukapumzike, na ukichoka kupumzika, rudi: adhabu yako tutakuwa bado tunaitumikia.