Cha Bure Katika Chuo cha Mabilioni

Benchi la Barabara ya Kumi na Nane, Ngamiani, ni ubao mmoja mrefu wa mnazi uliopigiliwa juu ya magogo mawili, ubavuni mwa fundi baiskeli. Wanaotoka kuswali alasiri, na rafiki zao, hukaa hapo wakanywa kahawa ya Tahiri mpaka jua lipoe. Kila mtu ana nafasi yake, na karibu kila mtu ana jina lake la kijiweni. Sabiri ni Bajeti, kwa kusikiliza Bunge redioni. Lucas wa Muheza ni Dozi, maana aliuza dawa dukani miaka thelathini. Mwinyijuma ni Kadhi, kwa kuwa kila ugomvi huishia kwake na akisema amesema. Siku hiyo ncha ya kushoto ya ubao ilikuwa wazi. Ni nafasi ya Humaid, wanayemwita Maskati kwa asili ya babu zake, na ilikuwa wazi kwa siku ya kumi na mbili. Kadhi aliijua idadi hiyo vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyemfukuza.

— Bilioni tisini! Bajeti alisema kabla hajakaa. Chuo cha madaktari, cha serikali, hapa hapa kwetu. Bilioni tisini!

— Jana ulisema sabini, Tahiri akamkumbusha huku akimmiminia.

— Jana ni jana. Leo wameongeza maabara.

— Maabara gani ya bilioni ishirini? Ina milango ya dhahabu?

— Wewe pima vikombe vyako, Tahiri, ya serikali huyawezi. Weka majengo. Weka mabweni. Weka walimu wa kutoka nje, na mwalimu wa nje hali muhogo, anataka nyumba yenye kiyoyozi na gari mlangoni.

Dozi alikohoa, kama afanyavyo anapotaka kusikilizwa.

— Majengo si kitu. Chuo cha udaktari hakisimami bila hospitali ya kujifunzia. Mwanafunzi mmoja, miaka mitano darasani, na mwaka mzima wa mazoezi. Kwa gharama ya huyo mmoja unasomesha walimu kumi.

— Basi wasomeshe hao walimu kumi!

— Halafu ukishikwa na tumbo la kuhara, mwalimu akuandikie ubaoni?

Benchi likacheka. Kadhi hakucheka. Alikuwa akikizungusha kikombe chake kidoleni, kahawa imeshapoa.

— Mimi nitawapa siri, Bajeti akainama. Pesa zile si za madarasa. Chini linachimbwa handaki mpaka bandarini. Meli zinashusha wagonjwa kutoka ng'ambo, wanapita chini kwa chini, wanatibiwa kwa dola, sisi huku juu tunapewa panadoli.

— Handaki Tanga hii? Ukichimba futi sita unakutana na maji ya chumvi.

— Ndiyo maana ikawa bilioni tisini, bwana! Kuyapampu hayo maji!

Hata fundi baiskeli alicheka, spana mkononi. Dozi akangoja wamalize.

— Mnahesabu vya kununuliwa. Kuna kimoja hakimo katika tisini yenu, na bila hicho hakuna daktari.

— Kipi hicho?

— Maiti.

Tahiri akaacha kumimina, Dozi akaendelea.

— Mtu hawi daktari mpaka afungue mwili auone. Mwaka wa kwanza, meza kumi, maiti kumi. Na maiti haiuzwi. Nijuavyo mimi, huwa ni wale wasio na mwenyewe. Anakaa mochwari wiki mbili, haulizwi na mtu, basi.

— Kwa hiyo, Tahiri akasema polepole, katika bilioni zote hizo, cha bure ni binadamu?

— Asiye na wa kumuulizia. Ndiyo.

Kadhi akaacha kukizungusha kikombe. Habari ya maiti za chuo iligusiwa hapo siku kumi na mbili nyuma, na Maskati akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kama serikali imeishiwa, waje wanichukue mimi. Bure. Mimi nani ataniosha?" Huenda ulikuwa mzaha. Huenda alikuwa akiomba jambo. Kadhi hakungoja kujua. Alisimama mbele ya wote akasema kwamba Mwislamu anayeugawa mwili wake kama ngozi ya mbuzi hana nafasi pale, aondoke na asirudi. Maskati aliweka kikombe chini, kashata imebaki nusu, akasema, "Sawa, Kadhi," akaenda zake akiikokota baiskeli. Hakuna aliyemtetea. Na kwa kweli, Mola amsamehe, Kadhi jioni ile alionja utamu wa kutiiwa.

Kisha Ijumaa likatolewa tangazo msikitini: kuna mzee ameokotwa stendi, amefia hospitalini, hana kitambulisho, sura yake ya Kiarabu, mwenye kumjua aende. Kadhi alipanda baiskeli. Alifika getini, akashika chuma cha geti, akageuka. Alijiambia Maskati ana watu wake. Leo ilikuwa Jumanne.

— Na yule wa tangazo la Ijumaa? Bajeti akauliza. Alichukuliwa?

— Sijasikia, Dozi akajibu.

— Yaacheni hayo, Kadhi akasema.

— Tunauliza tu, Kadhi.

— Nimesema yaacheni!

Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagikia kanzu. Wote wakamtazama. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja kijana, buibui limejaa vumbi la safari, kikapu mkononi.

— Asalaam alaykum. Shikamooni, baba zangu.

— Waalaykum salaam. Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Shaima, natoka Moa. Namtafuta ami yangu Humaid. Simu yake haipatikani wiki ya pili sasa. Aliniambia siku nikija Tanga niulizie benchi hili, kwamba hawa ndio ndugu zake.

Macho yote yakaenda kwenye ncha ya kushoto.

— Umefika, binti, Tahiri akasema. Pale ndipo anapokaa.

— Alhamdulillahi. Basi nielekezeni nyumbani kwake. Ni wapi?

Bajeti akamtazama Dozi. Dozi akamtazama Tahiri.

— Si kule Chumbageni? Bajeti akauliza.

— Mimi nilidhani Makorora. Baiskeli yake huja ikitokea upande ule.

— Miaka tisa namuuzia kahawa, Tahiri akasema. Najua hataki tangawizi. Nyumba…

Ilikuwa sheria ya benchi: hapaulizwi nyumba ya mtu. Kadhi ndiye aliyeiweka, baada ya mmoja wao kufuatwa hadi mlangoni kwake kwa ugomvi wa drafti. Walimsifu kwa ile sheria. Naye alijiona amewafunza adabu.

— Hamjui? Shaima akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Afadhali angeuliza kwa ukali.

Kadhi akainuka.

— Mwanangu, ami yako nilimfukuza mimi hapa, mbele ya watu, kwa neno ambalo sikumuuliza maana yake. Na tangu Ijumaa kuna mahali nilipaswa kwenda. Nikafika mlangoni nikarudi. Dozi, wewe unajuana na watu wa hospitali. Twende.

— Labda si yeye, Kadhi, Bajeti akanong'ona.

— Kama si yeye, tutamwosha huyo huyo. Leo.

Shaima alikuwa amekiweka kikapu juu ya ubao, ncha ya kushoto. Ndani mlikuwa na papa mkavu na chupa ya asali. Akawatazama mmoja mmoja.

— Hospitali? Ami amelazwa?

Tahiri alifunika dele, kahawa ingali nusu, akafuta mikono na kuanza kutafuta viatu vyake. Fundi baiskeli akaweka spana chini. Kadhi, aliyezoea kujibu yote, alichukua kile kikapu akatangulia nacho njia ya hospitali.