Mshono Haujaachia

Kati ya mlango wa kinyozi na mlango wa fundi cherehani kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Kila siku ikishapita saa nane mchana, Kinyozi huweka birika la kahawa kwenye jiko dogo na kutangaza kwamba ni ya wateja wanaosubiri kunyolewa. Wanaoinywa ni walewale wawili: Redio, karani mstaafu asiyejua kunyamaza, ambaye kichwani hana hata unywele mmoja wa kunyoa, na Bonge, mpakiaji mizigo wa ghala la jirani, ambaye akikaa, tofali huguna. Anayewasikiliza bila kupenda ni Bibi Mkasi, mwenye cherehani iliyowekwa nje, hatua moja kutoka kwenye benchi, kwa kuwa ndani ya duka lake macho hayaoni tena tundu la sindano. Jumatano hiyo alikuwa na jezi ya kijani mapajani na kapu la nyingine kumi na nne miguuni. Zote za timu ya raga ya vijana wa shule iliyo mwisho wa barabara, zote zimechanika, na juu yake kikaratasi cha mwalimu wa michezo, ambacho Redio alikuwa ameshakisoma kwa sauti mara mbili bila kuombwa. Sasa alikuwa anaanza ya tatu.

— "Mwambieni fundi atumie uzi wa maana. Jumamosi ni mechi ya nne."

— Nimesikia, — alisema Bibi Mkasi. — Masikio yangu hayajastaafu.

— Nasisitiza tu, Bibi. Mechi tatu za mwanzo wa msimu, tatu wamechapwa. Kumi na tisa kwa kumi na saba. Kumi na mbili kwa kumi. Ishirini na nne kwa ishirini. Yaani kila siku wanaachwa mlangoni! Wakipoteza na Jumamosi, wanashushwa kundi la chini, wakacheze na shule ambazo bado zinafundishwa kushika mpira.

— Na wale wa kidato cha mwisho? — aliuliza Bonge.

— Kwao ndiyo basi. Mwakani hawapo.

Bibi Mkasi aligeuza jezi ndani nje. Nusu ya wale wa kidato cha mwisho aliwashonea kaptula za chekechea, na kati yao hakuna aliyewahi kumwambia asante, wala yeye hakuwa ameingoja. Kilichomuuma ni neno "uzi". Miaka arobaini na moja amekaa kwenye kanyagio hili, na leo mtoto wa juzi mwenye filimbi shingoni anamfundisha uzi. Alivuta mshono wa ubavuni kwa vidole vyote kumi. Ukakaa kimya kama ukuta. Kitambaa ndicho kilichochanika, kando ya mshono, chini kidogo ya kiuno, upande wa nyuma.

— Mshono haujaachia, — alisema. — Njooni mtazame, enyi wenye macho.

Hakuna aliyekuja. Kinyozi alikuwa tayari ameweka kikombe chini, na Kinyozi akiweka kikombe chini ana hoja.

— Shida ni vichwa, — alisema. — Shule imetoa amri wanyoe kipara. Sasa niambieni. Kwenye skramu watu wanane wanasukumana na watu wanane, vichwa vimebanana. Kipara na jasho vinafanya nini?

— Vinafanya nini? — aliuliza Redio.

— Vinateleza! Kichwa kinachomoka kama sabuni, skramu inaanguka, mpira unaondoka. Waje hapa niwanyoe namba mbili, nywele ziache ukwaruzo. Nitawapa ushindi kwa mashine hii hii.

— Wewe unatafuta wateja, — alisema Bibi Mkasi.

— Natafuta ushindi, Bibi. Wateja watakuja wenyewe.

— Si vichwa, — alisema Bonge. — Ni uzito. Nimemuona yule winga wao, namba kumi na nne. Yule si mtu, ni mpini wa fagio. Mimi wangenipa wiki moja, kila mmoja angebeba magunia ishirini kwa siku.

— Wangechoka kabla ya mechi, — alisema Kinyozi.

— Sijamaliza! Siku ya mechi, kipindi cha kwanza wanacheza na mchanga mfukoni. Kilo tatu huku, kilo tatu huku. Mapumziko, wanamwaga. Kipindi cha pili unawaona wanapaa.

— Bukta ya raga haina mfuko, — alisema Bibi Mkasi. — Hizo pia nimeshona mimi.

— Unaweka.

— Nikuwekee wewe mfuko mdomoni.

Redio alicheka hadi kahawa ikamrudi puani. Alipopona alisogea mbele, akapunguza sauti, ingawa barabara nzima ilikuwa inamsikia.

— Nyote mnazunguka. Mimi nimeongea na mlinzi wa shule, na yeye haongopi. Mechi zote tatu imetokea hivi hivi. Mtoto anachukua mpira, anapita mmoja, anapita wa pili, mstari wa trai wa kuwekea mpira ule pale, hatua tatu. Halafu ghafla anarudi nyuma. Kama amevutwa! Mpira unaanguka, wapinzani wanaokota.

Sindano ya Bibi Mkasi ilisimama.

— Anavutwa na nini? — aliuliza.

— Ndiyo hapo sasa. Mpira ule hujazwa upepo na nani? Na wenyeji. Upepo wa kwao, uwanja wa kwao. Mpira unajua ulikojaziwa! Unapobebwa mbali, unakataa.

— Mechi ya pili si ilichezwa hapa hapa?

— Pampu waliazima kwa wale wageni, Bibi. Nimeuliza.

— Haa! — alisema Kinyozi, na alikuwa amekwisha kuamini.

Hapo hoja zilishika moto. Kinyozi alikumbuka mteja mmoja mgeni aliyenyolewa mwezi uliopita, akauliza maswali mengi, na sasa akiwaza vizuri, mtu yule alikuwa na magoti ya ukocha. Bonge alitaka kujua magoti ya ukocha yakoje. Redio akasema mpira ujazwe kwa mdomo na nahodha mwenyewe, asubuhi, kabla hajasema na mtu yeyote. Bonge akasema yeye ana mapafu makubwa kuliko nahodha, yuko tayari kujitolea.

Bibi Mkasi alikuwa ametoa jezi nyingine kapuni. Imechanika nyuma, chini ya kiuno. Akatoa ya tatu. Nyuma, chini ya kiuno. Ya nne ilichanika ubavuni, na hiyo ilimpa matumaini, lakini ya tano na ya sita zilirudi palepale. Alizipanga juu ya meza ya cherehani, mpasuko juu ya mpasuko, kama mtu anayekata vitambaa kwa mkupuo. Kila mpasuko ulikuwa mpana kama ngumi. Aliweka ngumi yake ndani ya mmoja. Ikaenea, ikabaki na nafasi.

Alijua. Mwili wake ulijua kabla ya kichwa, kama unavyojua umekata mkono wa kushoto mara mbili na wa kulia haupo. Na alijua pia kwamba pale benchini hakuna ambaye angegundua hata akiishi miaka mia. Angeweza kuziba mipasuko, kubadilisha uzi kumridhisha yule wa filimbi, na kurudisha kapu. Wakichapwa Jumamosi, walaumiwe upepo na pampu.

— Bonge, — alisema kwa ukali usio na sababu, — ondoa mgongo wako kwenye mwanga wangu.

— Nimekaa palepale, Bibi.

— Basi umeongezeka.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja aliyevaa sare ya uuguzi, mkoba begani, viatu vyeupe vimechoka kama yeye. Alikuwa amehamia nyumba ya pili kutoka kona si zaidi ya mwezi, na benchi lilikuwa bado halijampa jina.

— Shikamoo, Bibi. Habari za hapa, kaka zangu.

— Marahaba, mwanangu. Kuna nini?

— Kifungo cha sare kimetoka. Nikikuachia, nitakipata kesho?

— Utakipata sasa hivi. Kaa.

Redio alimpisha nafasi, Kinyozi akammiminia kahawa, na kabla hajapeleka kikombe mdomoni alikuwa ameshaelezwa habari ya vipara, ya mchanga na ya pampu. Muuguzi alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyezoea wagonjwa. Macho yake yalikuwa kwenye jezi zilizo juu ya meza.

— Hiyo ya kumi na nne ni ya mwanangu, — alisema.

Bonge alikumbuka mpini wa fagio, akaanza kuchunguza kucha zake.

— Ruhusa, Bibi?

Aliichukua, akasimama, akajipimia mwenyewe kifuani. Mabega ya jezi yalimfikia nusu ya mikono. Pindo lilimfikia magotini. Alikusanya nguo iliyozidi mgongoni kwa mkono mmoja, akaikunja, ikambakia nyingine ya kukunja.

— Samahani, mimi mgeni, nauliza tu, — alisema. — Siku ya kushona, aliyepimwa ni nani?

Kinyozi alitazama birika. Redio alirudia kusoma kikaratasi cha mwalimu, safari hii kimoyomoyo. Bonge alivuta shati lake kama linalombana, na lilikuwa linambana kweli.

Maana wote walikuwepo. Ilikuwa likizo, watoto wametawanyika, na mwalimu alileta robota la kitambaa akasema anataka jezi kumi na tano shule ikifunguliwa. Wapimwe wapi? Kinyozi ndiye aliyesema wacheza raga ni mapande ya watu. Redio ndiye aliyeandika vipimo nyuma ya kalenda. Bonge ndiye aliyesimama mikono juu, na futi ilipokataa kumzunguka, Kinyozi akashika ncha ya pili. Bibi Mkasi akapunguza vidole vinne tu kwenye kipimo hicho, akasema vijana hukua, nguo ya mtoto iachwe nafasi, akakata zote kumi na tano kwa mkupuo mmoja.

— Kahawa imeisha, — alisema Kinyozi kwa sauti ndogo.

— Ikae hivyo, — alisema Bibi Mkasi. — Mwanangu, aliyepimwa ni huyu hapa mwenye aibu. Aliyempima ni mimi. Mwanao hakuvutwa na upepo. Alivutwa na wapinzani kwa nguo niliyomwachia akue nayo.

— Lakini Bibi, — alisema Redio, — hilo halijathibitishwa. Pampu bado...

— Redio! Toa kalamu. Geuza hicho kikaratasi cha mwalimu, uandike. "Uzi ni mzima. Kosa ni la fundi. Jezi utazipata Ijumaa."

— Niandike kosa ni lako? Kweli kabisa? Tunaweza kusema kitambaa kilitanuka.

— Andika nilivyosema, usiongeze matangazo. Ukimaliza, ukipeleke wewe mwenyewe kwa miguu yako, na uniletee wale watoto watano watano, jasho na matope yao, waje wapimwe. Anza na huyo namba kumi na nne.

Redio aliandika. Neno "kosa" aliliandika herufi moja moja, kwa kuwa ofisini kwake miaka thelathini hakuwahi kuliandika.

— Kinyozi, nyembe unazo?

— Mpya, pakiti nzima.

— Zilete zote. Leo unanyoa mishono. Fumua pembeni, polepole, ukinitobolea kitambaa nitakutoboa wewe. Bonge, shika jezi umkazie. Ndiyo, hivyo. Hatimaye umepata kazi inayokutosha.

Muuguzi, ambaye kifungo chake kilikuwa bado hakijawekwa, alivua viatu, akakunja miguu juu ya benchi, akachukua wembe pia. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alifumua ubavu mzima kabla Kinyozi hajafika kwapani.

Redio alirudi na vijana watano, matope hadi shingoni. Bibi Mkasi hakuwaambia pole. Aliwazungushia futi kifuani, kiunoni, mabegani, akaita namba, Redio akaandika nyuma ya kalenda ileile, akiwa amekata vipimo vya Bonge kwa mstari mnene. Yule namba kumi na nne alipopimwa, futi ilimzunguka ikabaki nusu. Bibi aliitazama nusu iliyobaki kwa muda. Kisha akakaa, mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza kunguruma. Hakuinua kichwa mpaka jezi ile ikaisha.

— Vaa.

Kijana alivaa kwa shida, ikambana mabegani.

— Inabana, Bibi.

— Ndivyo nilivyotaka. Bonge, inuka. Simama hapo mbele ya mlango wa kinyozi. Wewe mtoto, mstari wako ni ule mlingoti wa taa ng'ambo ya barabara. Pita.

— Nimshike wapi? — aliuliza Bonge.

— Utakapopata.

Kijana alitazama barabara kulia na kushoto, akamtazama mama yake, kisha akatoka kama aliyefukuzwa. Bonge alitupa mkono wake mkubwa kiunoni, palepale palipokuwa pakichanika. Vidole viliteleza juu ya mbavu, vikafunga hewa. Kijana alikuwa tayari ameshika mlingoti kwa mikono miwili, anahema, anacheka.

Bonge alikitazama kiganja chake kama kilichoibiwa.

— Sikupata kitu, Bibi.

— Vizuri, — alisema Bibi Mkasi, na alikuwa ameshavuta jezi nyingine kapuni. — Bado kumi na nne. Wembe!